Kusawazisha Neno la Kutafutia

Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, hulimwa mdalasini, karafuu na pilipili manga. Tuseme mnunuzi aliyeko Dar es Salaam ameingia kwenye tovuti ya viungo akaandika "MATOMBO", au "matombo" ikifuatwa na nafasi tupu ambayo simu yake imeiongeza yenyewe baada ya kumpendekezea neno. Kompyuta hulinganisha alama kwa alama: M na m ni vitu viwili, na nafasi tupu nayo ni alama. Ataambiwa hakuna bidhaa, na mdalasini upo.

Kuondoa tofauti za namna hii kabla ya kulinganisha ndiko ninakokuita usawazishaji. Wapo wanaopendelea usanifishaji, lakini neno hilo lina kazi yake tangu Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili ilipoundwa mwaka 1930: kusanifisha ni kuteua umbo moja na kuyaacha mengine. Mtafutaji wetu hajakosea chochote. Kinachotakiwa ni neno lililohifadhiwa na neno lililoulizwa yapitie kanuni ileile mpaka yakutane. Anayesawazisha upande mmoja tu hajafanya kitu. (Mtaalamu wa hifadhidata Edgar Codd naye, miaka ya 1970, alifundisha kugawa majedwali ili taarifa isirudiwe-rudiwe. Kiingereza kinaziita kazi zote mbili kwa jina moja, sisi hatulazimiki.)

Kero yetu hasa ni ritifaa. Katika ng'ombe, simu moja huandika ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na kwa Unicode hizo ni alama mbili, U+0027 na U+2019. Wengi hawaiandiki kabisa. Kuifuta kote kunasaidia, ingawa ng'oa na ngoa yatageuka neno moja. Hasara hiyo naikubali. Ya kuunganisha l na r siikubali. Ni kweli baadhi ya maandishi yana Ruguru badala ya Luguru, lakini kanuni ya kuziunganisha herufi hizo itamletea anayetafuta kura habari za kula, na mahari itakuwa mahali. Majina ya aina hiyo yawekewe orodha ya visawe.

Kanuni ikae kwenye modeli ya data, si kwenye fomu, kwa kuwa bidhaa huingia pia kwa faili la Excel au kutoka programu nyingine. Rails, mfumo wa kutengenezea tovuti, tangu toleo la 7.1 la mwaka 2023 ina tamko la kazi hii ndani ya modeli, nalo husawazisha thamani inayohifadhiwa na ile inayoulizwa. Ila hufuta umbo la awali. Kwa hiyo tenga safu mbili: moja ya kuonyesha jina kama mkulima alivyoliandika, nyingine ya kutafutia, yenye faharasa.

Kabla hujaitangaza tovuti yako, tafuta ng'ombe kwa ritifaa zote mbili, kisha bila ritifaa. Majibu yakitofautiana, rudi kwenye modeli.