Wapiga Gitaa na Ilimba, na Wale Waliowasikiliza

Mtu akaaye pwani huenda asijue maana ya baridi. Sisi tukaao juu ya Ufipa twaijua. Nchi yetu imeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa machweo na Rukwa upande wa mawio. Miti si mingi, na upepo wa Juni na Julai hupita pasipo kizuizi. Kwa hiyo mazungumzo ya usiku kwetu si ya uwanjani. Watu huingia ndani, hukaribia moto, goti kwa goti. Mzee husimulia hadithi, na hadithi ikifika mahali pake hugeuka wimbo. Msimulizi huimba, na waliokaa huitikia. Hapana mwenye haja ya kupaza sauti, kwa maana aliye mbali kuliko wote yuko hatua nne tu.

Katika makala hii twataka kueleza historia fupi ya muziki wa namna hiyo, yaani muziki wa chombo kimoja na sauti moja, mbele ya watu wachache waliokaa karibu. Hatusemi juu ya bendi, wala juu ya ngoma kubwa za uwanjani, ambazo zina heshima yake na mahali pake. Na neno tutakalo kulionyesha ni hili: muziki huo haukuhifadhiwa na wapigaji peke yao. Popote ulipodumu, alikuwako mtu aliyekaa kitako akasikiliza.

Tuanze ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo baba zetu waliijua kwa njia ya biashara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Unyamwezi kwenda kwa Kazembe na Katanga, kutafuta shaba na pembe za ndovu, ilipita katika nchi yetu ya Ufipa. Miongoni mwa watu waliotoka upande wa Unyamwezi alikuwa Msiri, ambaye hakurudi kwao. Alitawala Katanga, akajenga mji wake mkuu Bunkeya, na watu wake wakaitwa Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Wabelgiji. Ufalme ukaanguka, lakini watu wa Bunkeya hawakwisha.

Baadaye ikafunguliwa migodi ya shaba, na kampuni kubwa ya Union Minière ikaundwa mwaka 1906. Miji ikakua: Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Watu wa makabila mengi wakakusanyika kutafuta ujira, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Vijana wengi wa nchi hizi za ziwa nao waliifuata kazi ya shaba, na katika miji ile wafanyakazi walinunua gitaa. Chombo hiki ni cha kigeni, lakini kilipofika mikononi mwa watu waliozoea kupiga malimba, kilifundishwa kusema kama malimba.

Katika mji wa Bunkeya alizaliwa mwaka 1930 mtoto aliyeitwa Mwenda, na jina lake la ubatizo Jean-Bosco. Alipokuwa kijana alikaa Jadotville, akapiga gitaa lisilo na umeme, la mbao na nyuzi tu. Alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba kilishika sauti za chini, cha shahada kikaimba juu yake, na kila kimoja kilikwenda mwendo wake. Msikilizaji aliyefumba macho alidhani wapigaji ni wawili. Akifumbua akaona mtu mmoja. Jambo hilo haliwezi kuonekana na mtu aliye mbali.

Yapata mwaka 1950 alipita hapo Mwingereza, jina lake Hugh Tracey. Huyu alizaliwa mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini angali kijana kulima tumbaku, na huko shambani akaanza kujifunza nyimbo za watu waliofanya kazi pamoja naye. Kisha akaiacha tumbaku, akazunguka Afrika miaka mingi na mashine ya kunasa sauti. Katika mji wa Jadotville alimsikia Mwenda akipiga gitaa njiani. Wapita njia wengi walikuwa wamekwisha kumsikia, yeye alisimama. Alimnasa, na moja ya nyimbo zile, iitwayo “Masanga,” ikaenda mbali kuliko mpigaji mwenyewe. Mwaka 1954 Tracey alianzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika, na sauti alizozinasa zikawekwa humo.

Twaomba msomaji aone jinsi mambo yalivyofuatana. Mtaalamu David Rycroft aliusikiliza upigaji wa Mwenda kwa subira, akauandika kwa alama za muziki, na kazi yake ikachapwa miaka ya 1961 na 1962. Karibu na wakati huo Mwenda alikwenda Nairobi akakaa miezi kadhaa, na ndugu yake Edouard Masengo naye alipiga huko. Wapiga gitaa wa Kenya wakawasikia, wakajifunza kwao. Mwaka 1969 Mwenda akaalikwa Marekani, katika mkutano mkubwa wa muziki wa Newport.

Hapo Newport napo pana funzo. Mkutano huo ulianza mwaka 1959, na miongoni mwa walioimba mwaka ule alikuwa msichana Joan Baez, ambaye hakuwa amejulikana bado. Naye hakutokea hewani. Alikuwa ameimba katika nyumba ndogo ya kahawa mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, iliyoitwa Club 47 na kufunguliwa mwaka 1958. Huko watu walikaa kwenye viti karibu na mwimbaji wakamsikiliza, yeye na gitaa lake tu. Basi hata katika nchi ya mashine na kelele, muziki wa namna hii ulilelewa chumbani kwanza, ndipo ukapelekwa uwanjani.

Lakini wakati Mwenda alipokuwa akisifiwa Marekani, kwao mambo yalikuwa yakibadilika. Bendi za gitaa za umeme zilijaza miji ya Kongo, na spika zao zilisikika mtaa mzima. Hatusemi muziki huo ni mbaya. Mara nyingi sisi wenyewe tumeufurahia. Lakini watu wenye gitaa moja la mbao hawakuweza kushindana na sauti ile, na wengi wakanyamaza. Baadaye mpiga gitaa Mwingereza, John Low, alisafiri mpaka Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba. Akawatafuta wapigaji wa zamani, akaketi nao, akajifunza kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1982 habari za safari yake zikachapwa kuwa kitabu. Mwenda alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari. Kama wasikilizaji hao wachache wasingalikuwako, leo tungalikuwa na jina lake tu, au hata jina tusingalikuwa nalo.

Mtu aweza kusema, “Hayo ni ya Kongo na Ulaya. Kwetu je?” Basi turudi Tanzania, twende Ugogo. Wagogo wana chombo kiitwacho ilimba, ambacho ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Sandukuni hutobolewa matundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Chuma kikilia, utando hutetemeka na kutoa mvumo mwembamba mfano wa nyuki. Mvumo huo ndio utamu wa ilimba. Aliye karibu huusikia wote. Aliye ng'ambo ya uwanja hasikii ila vyuma.

Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, alikuwa bingwa wa ilimba na zeze. Mwalimu Julius Nyerere alisikia sifa zake, akamwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960 ili apige muziki kwa ajili ya taifa. Baadaye alikaa Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilifunguliwa mwaka 1981, akafundisha wengine, na nyumba yake ikajaa wapigaji wa ukoo wake. Mwaka 1996 nyimbo zake zilitolewa Uingereza kwa jina la “Chibite,” na watu wa mataifa mengi wakazisikia. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003. Twaona mambo ni yale yale: kwanza ufundi wa nyumbani, kisha sikio lililotambua thamani yake, kisha wanafunzi. Likikosekana la pili, la tatu halifiki.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika miaka ya 1962 hadi 1964 mtaalamu Roy Willis, Mwingereza, alikaa katika vijiji vya Ufipa. Alisikiliza hadithi za wazee wetu, akaziandika kwa maneno yao na kuzifasiri, na mwaka 1978 zikachapwa Uingereza katika kitabu juu ya sanaa ya usimulizi ya Wafipa. Kabla yake, mwaka 1913, Askofu Adolphe Lechaptois wa Karema alikuwa amechapisha kwa Kifaransa kitabu juu ya watu wa kando ya Tanganyika, nasi Wafipa tumo ndani yake. Twawashukuru. Lakini hatuna budi kujiuliza: je, ni haki kwamba mtu atakaye kujua babu yake alivyosimulia apaswe kwanza kujua Kiingereza au Kifaransa?

Tena tuseme kweli juu ya nyumba yetu. Katika misioni nyingi za Afrika, ngoma, zeze na malimba vilikaa miaka mingi nje ya mlango wa kanisa, kwa kuwa vilihesabiwa kuwa vyombo vya upagani. Wakristo wengi waliviacha kwa moyo mwema, wakidhani kwamba ndivyo Mungu atakavyo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima inayostahili, na wamisionari wajifunze kuukuza shuleni na katika ibada. Mwaka uo huo Padre Stephen Mbunga wa Peramiho alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mlango ulifunguliwa. Lakini mzee aliyekuwa amelitundika zeze lake darini miaka thelathini hakurudi ujana siku ile. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na wana wao hawakujua hata namna ya kukaza uzi.

Na hapa ndipo penye hasara kubwa. Chombo cha mbao chaweza kuchongwa kingine. Maneno ya wimbo yaweza kuandikwa. Lakini namna ya kulinganisha sauti za malimba, chuma hiki kipande kiasi gani na kile kishuke kiasi gani, haimo katika daftari lolote. Imo sikioni mwa mpigaji, naye aliipokea kwa aliyemfundisha. Akifa pasipo mwanafunzi, chombo hubaki ukutani kimya, na mtoto akikigusa hutoa kelele tu.

Wahenga walisema, “Mcheza kwao hutunzwa.” Sisi twalisema neno hili kila siku, lakini mara nyingi twalitumia kwa mchezaji na kumsahau mtunzaji. Kutunza si fedha tu. Kumkaribisha mtu nyumbani, kuzima redio, kuwanyamazisha watoto na kumsikiliza mpaka mwisho ni kumtunza. Hugh Tracey alikuwa mgeni, hata hivyo alisimama njiani. Itakuwa aibu kwetu wenyeji tukipita.

Wala kazi hii haihitaji ukumbi wala tikiti. Nyumba tunazo, na baridi ya Julai hutukusanya yenyewe. Mwalimu aweza kumwalika mzee mmoja jioni moja, pamoja na watoto kumi wa darasa lake. Kijana mwenye simu aweza kunasa sauti, lakini aiweke simu chini, mikono iwe huru kuitikia, kisha aandike jina la wimbo, jina la mpigaji kwa ruhusa yake, na siku. Na akionekana mtoto mmoja ambaye macho yake hayatoki kwenye vidole vya mzee, huyo aachwe arudi kesho, na keshokutwa, hata kama kuni hazijachanjwa.

Wazee wetu walisema pia, “Ngoma ikivuma sana hupasuka.” Spika za mjini Sumbawanga zitavuma, nazo zitapasuka, na zitanunuliwa nyingine. Lakini yule mzee aliyeketi karibu na moto, na chombo chake magotini, hanunuliwi dukani. Basi na tuvute kigoda, tukae karibu naye, tumsikilize angali yupo.