Juja Ilianza Bila Jina

Wasee wa Thika Road, swali dogo. Tangazo la mwisho la kazi ya injinia uliloona hapa Thika ama Ruiru, liliuliza unaweza kufanya nini ama liliuliza ulisomea wapi? Hiyo tabia ya kuuliza chuo kwanza si ya zamani vile watu hudhani.

Kutoka 1970 hadi 1984 Kenya ilikuwa na chuo kikuu cha umma kimoja tu, kile cha Nairobi. Kumuuliza injinia aliyesomea hapa nchini chuo chake kulikuwa kupoteza muda. Moi ikaja 1984, vingine vikafuata, na ndio watu wakaanza kupanga vyuo kama timu za ligi.

Sasa cheki Juja, hapo katikati ya Ruiru na Thika. Mwaka 1981 kulifunguliwa chuo kwa msaada wa Japani, kwenye ardhi iliyotolewa na Mzee Kenyatta. Hakikuwa chuo kikuu. Kilitoa diploma: uhandisi wa kilimo, teknolojia ya chakula, kilimo cha bustani. Kundi la kwanza lilimaliza 1984, na hao hawakuwa na digrii ya kupigia mtu kelele. 1988 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, 1994 kikawa JKUAT kamili. Leo hilo jina linamfungulia mtu mlango, na msee wa chuo kipya anabaki nje akiwa na digrii ya uhandisi pia. Inanichekesha, lakini si sana.

Na si ati hatujui kupima. Fundi wa kuchomelea wa jua kali pale Makongeni anaweza kwenda kufanya mtihani wa gredi wa NITA. Anaanza gredi ya 3, anapanda hadi ya 1. Anapewa kazi afanye kwa mikono, kisha mtahini anaangalia alichotengeneza. Alijifunzia wapi si hoja kubwa.

Injinia naye hupimwa, ila baadaye. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inamtaka mhitimu awe na uzoefu wa angalau miaka 3 kazini ndio afanyiwe tathmini ya kuwa injinia kamili. Hapo ndipo shida iko: kama hukuajiriwa kwa sababu ya chuo chako, hiyo miaka 3 utaitoa wapi? Wengine walikwama hata kabla ya hapo. Wahitimu 107 waliipeleka mahakamani bodi iliyokataa kuwasajili, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2018. Ubishi wote ulikuwa juu ya kozi na nani ana mamlaka ya kuzitambua. Hakuna aliyepewa boriti ahesabu itabeba uzito gani.

Mtaniambia chuo kizuri kina maabara nzuri. Kweli. Basi hiyo maabara itaonekana kwenye mtihani, ama?

Thika imeunganisha magari tangu miaka ya 70, na siku hizi mabasi ya umeme yanaundwa huko. Kiwanda kama hicho hakikosi waya wenye hitilafu. Weka kumi mezani, ita wahitimu kumi, wape saa mbili, na fomu yenye jina la chuo ifunguliwe baada ya alama kuandikwa.