Swima: mwalimu wa shule ya msingi anatengenezwa wapi?

Katika vijiji vya kando ya ziwa, kuanzia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, kijana akisema anataka kufundisha shule ya msingi, swali la wazee ni moja tu: "Umesoma pedagojia?" Hakuna anayemuuliza kama amefika chuo kikuu. Jambo hilo linawashangaza jamaa wa Fizi waliopelekwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu. Huko, anayetaka kushika darasa la kwanza katika shule ya serikali anasoma chuo kikuu kwa miaka ipatayo minne, anafanya mazoezi darasani chini ya mwalimu mwenye uzoefu, kisha anaomba leseni kwa serikali ya jimbo lake. Wakiambiwa kwamba nyumbani mwalimu anaanza kazi akiwa na diplome ya sekondari, wengine wanafikiri ni uzembe wa nchi. Lakini si uzembe. Ni njia yenye historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilianzia hapa hapa Fizi.

Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misioni Kibanga, upande wa Ubwari. Walikusanya watoto, wengi wao waliokombolewa kutoka utumwani, wakawafundisha kusoma, kusali na kulima. Misioni ile haikudumu hata miaka kumi na tano, lakini iliacha mfano uliokaa muda mrefu: mwalimu na katekista walikuwa mtu mmoja. Aliyejua kusoma alitumwa kijijini na kitabu kimoja, akaambiwa afundishe. Waprotestanti nao wakafanya vivyo hivyo. Wamisionari wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ikashuka kando ya ziwa kupitia wainjilisti ambao wengi wao walikuwa pia walimu.

Serikali ya Ubelgiji ilikuja na mpango wake katika miaka ya 1920, ukakamilishwa mwaka 1929. Shule ziliachiwa misioni, na misioni za Wabelgiji zikapewa msaada wa pesa. Misioni za Kiprotestanti zilizotoka nchi nyingine hazikupewa kitu mpaka baada ya vita vya pili vya dunia, mwaka 1948. Kwa sehemu kama pwani ya Fizi, ambako shule nyingi zilikuwa za Waprotestanti, hasara ilikuwa kubwa. Kwa karibu miaka ishirini mwalimu wa Kikatoliki alikuwa na shule ya kumfundisha kazi, na mwenzake wa kanisa la jirani alijifunza kwa kutazama.

Mwaka huo wa 1948 ndipo ngazi za walimu zilipowekwa wazi. Aliyemaliza shule ya msingi angeweza kusoma miaka miwili ya mafunzo ya kufundisha, au minne katika shule ya wamoniteri. Jina hilo, moniteri, wazee bado wanalitumia kwa heshima. Moniteri alikuwa na baiskeli, alijua Kifaransa, barua za kijiji kizima zilipitia kwake. Hakuwa na chuo kikuu, na wala hakikuwepo: Lovanium, cha kwanza nchini, kilifunguliwa mwaka 1954. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye digrii walihesabika, hawakuzidi 30. Wamoniteri walikuwa maelfu.

Hapo ndipo njia zikagawanyika, na mgawanyiko huo haujafungwa mpaka leo. Nchi mpya ilikosa walimu wa sekondari kiasi kwamba UNESCO ilileta walimu kutoka nje, wakiwemo wengi kutoka Haiti. Kwa hiyo nguvu yote ya elimu ya juu ilielekezwa sekondari. Mwaka 1961 Kinshasa ilipata Taasisi ya Taifa ya Pedagojia, ile iliyokuja kuwa chuo kikuu cha UPN mwaka 2005. Bukavu ikapata shule ya juu ya walimu, ambayo leo inajulikana kama ISP Bukavu. Kijana wa Fizi aliyetoka ISP alirudi kufundisha historia, hesabu au Kifaransa kwenye sekondari. Ni nadra kukuta amerudi kushika darasa la kwanza. Na mtu akimwona mwenye digrii akifundisha watoto wa miaka sita, anauliza kama amefukuzwa mahali.

Mwalimu wa msingi alibaki sekondari. Zamani kulikuwa na D4, ya miaka minne baada ya msingi. Baadaye D6, ya miaka sita: miwili ya mwanzo ambayo ni ya wote, kisha minne ya pedagojia. Miaka hiyo minne si mchezo, na anayeidharau hajaiona. Mwanafunzi anajifunza saikolojia ya mtoto na namna ya kufundisha kila somo. Anaandika fishi ya somo kwa mkono, anaipeleka kwa mwalimu wake, inarudi imejaa wino mwekundu. Kisha anasimama mbele ya watoto wa kweli wa shule ya mazoezi, wenzake wamekaa nyuma wakiandika makosa yake yote: amewapa watoto mgongo, amejibu swali alilouliza mwenyewe. Mwisho ni Mtihani wa Taifa, ulioanzishwa mwaka 1967, na kwa wana pedagojia unaongezwa mtihani wa kufundisha mbele ya jopo.

Kwa hiyo leseni ya mwalimu wa Kongo ni vitu viwili. Cha kwanza ni diplome. Cha pili ni namba ya matrikule, bila hiyo serikali haimjui wala haimlipi. Mwalimu anaweza kuwa na cha kwanza na kukosa cha pili kwa miaka mingi. Ndio hao wanaoitwa N.U., yaani "nouvelles unités" kama watu wanavyosema, na wasiolipwa. Serikali iliposhindwa kulipa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kutoa prime ili walimu warudi darasani, na prime hiyo ikawalisha hata wasio na matrikule. Septemba 2019 elimu ya msingi ilifanywa ya bure. Kwa mzazi wa Swima ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mwalimu asiye na matrikule, chungu kilitolewa jikoni.

Vita vimeharibu njia hii zaidi kuliko sheria yoyote. Mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na kambi za Nyarugusu na Lugufu zikajaa. Huko shule za wakimbizi zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, katikati ya nchi inayofundisha watoto wake kwa Kiswahili. Pedagojia ilisomwa kambini, na walimu walifundisha kwa posho ndogo ya mashirika. Meli za kuwarudisha watu Baraka zilipoanza mwaka 2005, walimu walishuka bandarini na karatasi zao ndani ya mifuko ya nailoni. Wengine walikuwa na miaka minane ya kazi. Lakini kwa kuwa serikali haikuwa imewalipa hata siku moja, kwenye orodha ya mishahara walikuwa watu wapya.

Nchi jirani zimeanza kuipandisha ngazi hii. Kenya iliacha cheti cha P1 na kuanza stashahada ya miaka mitatu mwaka 2021. Uganda ilipitisha sera mwaka 2019 inayotaka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na digrii. Kongo nayo ilibadili vyuo vikuu kuingia mfumo wa LMD mwaka 2021, ambapo lisansi ni miaka mitatu, lakini mlango wa darasa la kwanza umebaki D6. Na pengine kwa sasa ni afadhali. Digrii ikidaiwa kesho, ni shule ngapi za milimani, juu ya Swima, zitabaki na mwalimu?

Hilo halimzuii mwalimu anayetaka kusoma zaidi. Wapo wanaofundisha asubuhi na kutamani lisansi ya sayansi ya elimu ili wawe wakurugenzi au inspekta. Vyuo vimefunguliwa Baraka na Uvira, lakini kwa wengi jina lenye uzito lilibaki Bukavu. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, na barabara ya kwenda masomoni ikawa mstari wa vita. Wanafunzi waliokatishwa mwaka wako miongoni mwa familia zilizokimbilia pwani. Wengine wana diplome yenyewe. Wengine wana atestasyo tu, maana diplome huchelewa miaka kutoka Kinshasa. Wengine wana picha kwenye simu. Mkuu wa shule anayewapokea anatazama picha hiyo, anauliza mwaka na asilimia, kisha anawapa chaki na kuwaambia wafundishe somo moja mbele yake.