Bwawa la Kuogelea Nyumbani: Liwe Ndani ya Nyumba au Uwanjani?

 

Mtu anayejenga Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, ana ziwa zima mbele ya mlango wake. Akisema anachimba bwawa nyumbani, majirani watacheka: maji yote haya hayakutoshi? Wenzake wa Bumbire, Unguja au Pemba watachekwa vivyo hivyo. Lakini anayo hoja, na tuitazame kabla ya kuzungumzia paa.

Kuogelea asili yake ni halali, bali ni jambo la kutakiwa. Katika hadithi waliyoipokea An-Nasai na At-Tabarani, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa michezo minne isiyohesabiwa kuwa ni upuuzi. (Ile kauli maarufu ya kuwafundisha watoto kuogelea, kurusha mishale na kupanda farasi hunasibishwa zaidi na Sayyidna Umar (r.a.).) Na sisi watu wa majini hatuhitaji kukumbushwa sana. Mv Bukoba ilipitia Kemondo kuongeza abiria, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ikazama baina ya Unguja na Pemba. Kujua kuogelea hakumtoi kila aliyenaswa ndani ya meli, lakini asiyejua hata akitoka salama hana la kufanya. Na wasiofundishwa kwetu mara nyingi ni mabinti na mama zao, kwa hoja ya stara.

Hapo ndipo bwawa la nyumbani linapopata maana. Ufukweni mwanamke anaonekana na kila mpita njia. Tena Ziwa Viktoria lina kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayeoga, hasa kwenye maji tulivu yenye majani kando ya ufuo. Anayejaza bwawa kwa maji ya ziwa ayaache siku mbili kamili bila mtu kuyaingia, pasiwe na konokono ndani yake, kisha ayatie klorini.

Sasa, ndani au nje? Wengi hudhani la ndani ndilo la Kiislamu kwa kuwa lina paa. Sivyo. Sheria inataka uchi usionekane na asiyeruhusiwa kuuona, haikutaja paa. Uwanja wenye ukuta mrefu, usiochunguliwa na madirisha ya jirani, unatosha. Ikiwa jirani ana ghorofa inayotazama kwako, au utajenga baadaye katikati ya nyumba zinazopanda juu, basi la ndani ni bora, au angalau banda juu ya lile la nje. Na kinyume chake: bwawa la ndani wanaloogelea pamoja shemeji, binamu na wageni wa kiume na wa kike halina stara yoyote. Gawanyeni nyakati. Hata wanawake peke yao, katika madhehebu ya Shafi hawafunui baina ya kitovu na magoti. Kanga ikilowa hushika mwili, haifai. Vazi refu la kuogelea lisilobana ndilo linalofaa, kama walivyofanya waliofundisha wasichana wa Nungwi kupitia Panje Project, kwa walimu wa kike.

Bwawa la ndani lina gharama zake. Mvuke wa klorini usipopata pa kutokea huwasha macho na kifua, huozesha mbao za dari na kulisha kutu kwenye mabati. Bukoba kuna mvua nyingi na ubaridi kidogo, hivyo paa linasaidia; Unguja kwenye joto, chumba cha bwawa bila feni na madirisha ya juu ni tanuri. La nje jua hula klorini haraka, majani huanguka, na likiachwa bila kushughulikiwa huzaa mbu.

Kwa familia nyingi naona la nje lenye ukuta ndilo bora, kwa sharti moja lisilo na mjadala: uzio wa pande zote nne, usiopungua mita 1.2, na lango linalojifunga lenyewe. Ukuta wa nje wa kiwanja hauhesabiki, kwa sababu mtoto mdogo anatokea jikoni, hatokei barabarani. Mtoto huzama kimya, kwa dakika chache tu. Kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana inaanzia kwa watoto wako. La ndani nalo mlango wake uwe na kitasa juu asikofikia.

Kuhusu twahara: bwawa la mita 4 kwa 3, kina mita 1.2, lina lita 14,400, mbali sana na kulateni mbili, ambazo ni lita 200 hivi. Haliwi najisi ila rangi, ladha au harufu ikibadilika kwa najisi. Harufu ndogo ya klorini haidhuru, kama maji ya bomba. Mwenye janaba aoge kwanza pembeni, kwani imekatazwa kuoga janaba ndani ya maji yaliyotuama. Na aliyefunga asipige mbizi. Maji yakimwingia tumboni, saumu yake iko hatarini.

Asiye na uwezo asikope kwa riba ili achimbe. Atafute mwalimu mwanamke, na saa ambayo ufuo ni mtupu.

Wallahu a'lam.