Kabla Hujalipia Meli ya Septemba

Wiki iliyopita cuzo wangu anayeishi Houston alitupa picha kwenye grupu ya familia. Meli ya kitalii, ghorofa juu ya ghorofa, bwawa la kuogelea juu kabisa. Siku saba: unatoka Galveston, Texas, unapitia Cozumel, Belize na Roatan, halafu unarudi. Wiki ya kwanza ya Septemba. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile aliyoona Julai. Akauliza, "Nilipe ama nisilipe?"

Mashangazi wakajibu na emoji za kucheza. Mimi, juu ndiye yule msee wa grupu anayejulikana kwa kuharibu raha na historia, nilinyamaza kwanza. Nikaangalia ile njia ya meli tena. Galveston, Belize, Roatan. Manze, hayo majina matatu yana makaburi.

Tuanze na bei. Septemba ni rahisi kwa sababu mbili. Ya kwanza haina neno: shule za Marekani zimefunguliwa, familia zimerudi nyumbani, vyumba vya meli viko tupu. Ya pili ni kwamba msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na kilele chake ni karibu tarehe 10 Septemba. Kumbe ile nusu bei imewekwa katikati kabisa ya msimu.

Na usidhani ni mambo ya mbali tu. Vimbunga vingi vikubwa vya huko huanza kama mawimbi ya hewa hapa kwetu Afrika. Hewa inayumba mashariki mwa bara, inasukumwa magharibi hadi pwani ya Senegal, inatoka baharini, inakunywa joto la maji, inakua. Mtoto anazaliwa huku, anaenda kusumbua watu kule.

Sasa Galveston, pale cuzo angepandia meli. Mwaka 1900 huo ulikuwa mji wa pesa, bandari ya pamba. Ulikaa kwenye kisiwa ambacho hata sehemu yake ya juu kabisa haikufika mita 3 kutoka usawa wa bahari. Watabiri wa Cuba walikuwa wazoefu wa vimbunga kuliko mtu yeyote eneo lile, lakini ofisi ya hali ya hewa kule Washington iliwadharau, hata ikazuia simu zao za upepo zisipite. Washington ilisema kimbunga kitapinda kuelekea Florida na pwani ya mashariki. Wacuba waliona kinaenda Texas. Tarehe 8 Septemba bahari ilipanda juu ya kisiwa chote. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000. Mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi Marekani. Baadaye walijenga ukuta mkubwa wa bahari, wakainua mji wenyewe kwa kujaza mchanga. Watalii wa leo hupandia meli kwenye mji huo huo.

Lakini ile hadithi iliyonifanya niandike hii ni ya Belize na Roatan. Ni ya mwaka 1998.

Kulikuwa na meli ya matanga inaitwa Fantome. Milingoti minne, urefu wa mita 86 hivi, ilijengwa Italia mwaka 1927. Wakati mmoja ilimilikiwa na bilionea Onassis, na inasemekana aliinunua ili ampe Grace Kelly zawadi ya harusi, halafu hakualikwa. Mwishowe ikawa meli ya kitalii ya kampuni ya Windjammer Barefoot Cruises: unavaa kaptura, unatembea bila viatu, unakunywa, unaangalia jua likizama.

Mwishoni mwa Oktoba, Fantome ilitoka Omoa, Honduras, na abiria karibu 100. Kimbunga kilichoitwa Mitch kilikuwa bado mbali, upande wa Jamaika. Oktoba ni mwisho-mwisho wa msimu, bei nzuri, watu wamepanga likizo. Ungekuwa wewe, ungeghairi?

Mitch ikakua haraka. Kufikia tarehe 26 Oktoba ilikuwa daraja la 5, la juu kabisa, upepo wa zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Utabiri ulisema inaelekea kaskazini-magharibi, upande wa Yucatán na Belize. Kampuni ikafanya jambo la busara. Meli ikaingia Belize City, abiria wote wakashushwa, wakatafutiwa ndege, wakaenda kwao. Baadhi ya wafanyakazi pia walishushwa, wakiwemo wanawake wote.

Watu 31 wakabaki melini.

Hapo ndipo mimi hukwama kila nikisoma. Nahodha alikuwa Mwingereza wa miaka 32. Wengi wa wengine walikuwa vijana wa Karibiani na Amerika ya Kati: Guyana, Jamaika, Honduras. Mabaharia, mafundi wa injini, wapishi. Maji ya Belize City ni mafupi, hakuna pahali pa kuficha meli kubwa hivyo, na kimbunga kilikuwa kinakuja huko huko. Kwa hivyo wazo lilikuwa kuitoa meli baharini na kuitafutia usalama. Nahodha akaelekea kusini, akajibanza nyuma ya kisiwa cha Roatan, akitumia kisiwa kama ukuta dhidi ya mawimbi.

Ni mpango ungefanya kazi kama Mitch ingefuata utabiri. Haikufuata. Ikapinda kusini, ikaelekea Guanaja, kisiwa jirani, moja kwa moja upande wa Fantome. Nahodha akajaribu kukimbilia mashariki ili aponyoke. Tarehe 27 Oktoba, mnamo saa kumi na nusu jioni, alikuwa akiongea kwa simu ya setilaiti na ofisi ya kampuni kule Florida. Mawasiliano yakakatika. Siku chache baadaye manowari ya Uingereza, HMS Sheffield, ilipata maboya ya kuokolea na jaketi za kuelea zenye jina la Fantome. Hakuna hata mmoja wa wale 31 aliyerudi.

Mitch haikuishia hapo. Ilikaa juu ya eneo lile kwa siku kadhaa ikimwaga mvua, milima ikaporomoka, na zaidi ya watu 10,000 wakafa, wengi Honduras na Nicaragua.

Sasa, sitaki mtu aseme ninatisha watu. Leo si 1998. Wakati ule kituo cha vimbunga cha Marekani kilitoa utabiri wa siku tatu tu mbele. Tangu 2003 kinatoa wa siku tano, na makosa ya njia yamepungua sana. Meli za kisasa ni kubwa na zina mbio kuliko mwendo wa kawaida wa kimbunga, kwa hivyo huwa zinakizunguka. Mwaka 2017, baada ya Irma, meli kadhaa za kitalii zilibeba misaada na kuwatoa watu waliokwama St. Thomas na St. Maarten. Mtalii wa Septemba kwa kawaida hafi. Anapoteza Roatan, anapelekwa bandari nyingine, anarudi amechelewa siku mbili, analalamika mtandaoni.

Na hiyo ndiyo pointi yangu. Ile Fantome ilipanga vizuri kwa aliyelipa tiketi. Mlango wa kutokea ulikuwepo, na ulikuwa wake. Baharia hakuwa na mlango huo. Mtu wa Guanaja hakuwa nao pia, maana meli ina injini, kisiwa hakina.

Mbona haya yananihusu? Kuna jamaa wa Likoni tulisoma naye sekondari. Sasa hivi yuko huko huko Karibiani, anasafisha vyumba kwenye meli ya kitalii. Wako wengi kutoka Pwani wanaofanya ama wanaoomba kazi hizo, na sisemi waache, juu kazi hapa mnajua venye iko. Lakini yeye hatazami bei ya Septemba. Yeye ana mkataba. Septemba yuko, Oktoba yuko. Nilimuuliza kama anaogopa. Akaniambia, "Buda, mimi huangalia ramani ya upepo kabla ya kuangalia WhatsApp."

Kwa hivyo cuzo nilimjibu hivi. Lipa ukitaka, lakini nunua bima mapema kabla kimbunga hakijapewa jina, kwa sababu kikishapewa, bima mpya haitakulipia hicho. Soma mkataba: kampuni ina haki ya kubadilisha bandari, na ukikosa Roatan usitegemee kurudishiwa nauli. Usipange kurudi kazini kesho yake. Halafu uiulize kampuni swali moja ambalo hakuna mtu huuliza: kimbunga kikija tukashushwa, wafanyakazi wanaenda wapi?

Alikaa kimya nusu siku. Shangazi mmoja akasema nimeharibu grupu tena. Jioni cuzo akaandika kwamba amewapigia simu, na yule aliyepokea alimwomba arudie swali mara mbili, halafu akasema atauliza wakubwa.

Bado anangoja jibu. Na mimi pia.