Kutoka Amani hadi Gonja: Historia Fupi ya Taasisi Iliyoihesabu Malaria ya Upare

Mwaka 1955 wapulizaji wenye pampu walianza kupita nyumba kwa nyumba katika tambarare zilizo chini ya Milima ya Pare, wakinyunyiza dawa ya dieldrin kwenye kuta na dari. Mbu jike akishanyonya damu hupenda kutua ukutani apumzike. Akitua kwenye ukuta uliopulizwa, hafiki kwa mtu wa pili. Kazi hiyo iliitwa Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta. Zaidi ya miaka 70 imepita tangu ianze, nayo bado ni miongoni mwa majaribio ya afya ya jamii yaliyofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi katika Afrika Mashariki ya zama zake.

Mradi uliendeshwa na taasisi iliyokuwa na makao nje ya Upare, juu ya milima ya Usambara Mashariki, mahali paitwapo Amani. Ukiifuata historia ya taasisi hiyo, unaona jinsi eneo letu lilivyojifunza afya ya jamii, somo ambalo leo vijana hulisomea shahada Moshi na Dar es Salaam.

Nyumba iliyorithiwa

Majengo ya Amani yalitangulia taasisi ya malaria kwa miaka mingi. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo mwaka 1902. Waingereza wakakirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya Vita vya Pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya. Majengo yakabaki yakisubiri mpangaji mwingine.

Mpangaji huyo alizaliwa bondeni. Mwaka 1949 kilianzishwa Muheza kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki, chini ya Daktari Donald Bagster Wilson, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikapanda mlima kwenda Amani. Mwaka 1954 kikapewa jina pana zaidi: Taasisi ya Afrika Mashariki ya Malaria na Magonjwa Yaenezwayo na Wadudu. Ilikuwa mali ya nchi zote za eneo hili, kwanza chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, baadaye chini ya Jumuiya.

Wilson na mkewe Margaret, naye mtafiti wa malaria, walikuwa wameanza kazi hiyo Tanga tangu miaka ya 1930. Walipima damu za watoto na kupapasa matumbo yao kutafuta bandama zilizovimba. Waliona jambo ambalo kila mama wa pwani alilijua kwa uchungu: malaria huua watoto wachanga na wadogo, na anayevuka umri huo huishi nayo, mwili wake ukiwa umejijengea kinga. Ndipo likazaliwa swali lililowagawa wataalamu. Ukiwaondolea watu malaria kwa miaka michache, kisha fedha zikaisha na malaria ikarudi, je, hutakuwa umewavua kinga yao na kuwaacha hatarini zaidi?

Mwaka 1950 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano wa malaria Kampala. Wilson alikuwa miongoni mwa waliotaka mwendo wa tahadhari. Wengine walisema huwezi kumwacha mtoto afe leo kwa hofu ya kitakachotokea kesho. Mkutano ukaamua kwamba malaria ipigwe vita Afrika kwa dawa za kupuliza majumbani. Mwenye wasiwasi na mwenye haraka wote walihitaji kitu kimoja: mahali pa kujaribia, pamoja na subira ya kufuatilia.

Kwa nini Upare

Mtu akisimama Same mjini na kuitazama milima, anaona kwa nini nchi hii iliwafaa. Juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,463, kuna ubaridi, misitu, migomba na mifereji inayoanzia kwenye ndiva, yaani mabwawa ambayo Wapare wameyajenga kwa kazi ya pamoja ya msaragambo vizazi na vizazi. Chini kuna joto, mikonge, na mabonde yanayotuamisha maji kila mvua inyeshapo. Upande wa mashariki wa Pare Kusini, kuanzia Kisiwani na Maore hadi Gonja, Ndungu na Kihurio, vijito vya mlimani hushuka tambarare na kutawanyika. Ng'ambo ya mpaka, Taveta ya Kenya ina hali kama hiyo. Hayo ni maskani ya mbu wawili waliokuwa wasambazaji wakuu wa malaria: *Anopheles gambiae*, anayezaliana kwenye vidimbwi vya jua, na *Anopheles funestus*, anayependa maji yenye majani kandokando.

Kulikuwa pia na historia ya watu. Miaka 10 tu kabla ya pampu kufika, mwaka 1945, maelfu ya Wapare walishuka milimani na kupiga kambi kwenye boma la Same wakiipinga kodi ya mbiru, iliyopandishwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, aliandika kisa hicho na kukifanya kijulikane kote nchini. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hiyo, sasa mtumishi wa mkoloni alibisha hodi akitaka vyombo vitolewe nje, chakula kifunikwe, na kuta za chumba cha kulala zilowe dawa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili, lakini mwenyeji ndiye mwenye mlango. Upulizaji wa majumbani ni kazi ambayo haiwezekani bila ridhaa ya kaya, na ukirukwa mlango mmoja katika kila mitano, mbu hupata pa kujificha.

Pampu na daftari

Dawa ilipulizwa kwa awamu, takriban kila baada ya miezi minane, kuanzia 1955 hadi 1959. Matokeo yalikuwa ya haraka. *Funestus*, mbu anayependa kukaa ndani ya nyumba na kunyonya damu ya binadamu, alitoweka kabisa katika eneo lililopulizwa. *Gambiae* akapungua sana. Vimelea kwenye damu za watoto vikapungua, na vifo vya watoto wachanga vikashuka pamoja navyo. Hata hivyo maambukizi hayakukatika moja kwa moja. Malaria ilidhoofika ikabaki hai.

Wanabiolojia wa Amani waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Mick Gillies na Alec Smith walikuta katika Pare Kusini kwamba baada ya *funestus* kuondoka, ndugu yake wa karibu, *Anopheles rivulorum*, aliongezeka na kushika nafasi yake. Huyo hupendelea zaidi damu ya mifugo, kwa hiyo hakuirithi kazi ya kusambaza malaria. Mtu anayehesabu mbu bila kutofautisha aina angeandika kwamba dawa imeshindwa. Gillies aliendelea kulichambua kundi hilo, na mwaka 1962 akatangaza aina nyingine mpya, akaiita *Anopheles parensis*. Hivyo jina la Upare likaingia katika vitabu vya wadudu vya dunia nzima.

Wakati Pare-Taveta ikiendelea, ulimwengu ulikuwa na haraka. Mwaka huohuo wa 1955, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa kuitokomeza malaria duniani. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje, na mwaka 1969 lengo lenyewe likalegezwa. Tofauti na kampeni nyingi za siku hizo, Amani haikufunga daftari pampu ziliposimama.

Baada ya pampu

Upulizaji ulikoma mwaka 1959. Watafiti, wakiongozwa baadaye na Gerry Pringle, waliendelea kupima damu, kunasa mbu, na kuandika vizazi na vifo hadi mwaka 1966. Walitaka jibu la swali la Kampala: malaria ikirudi, vifo vitarudi na riba?

Malaria ilirudi polepole. Mwaka baada ya mwaka mbu waliongezeka, na vimelea vikapanda kuelekea pale vilipokuwa. Vifo havikurudi. Vilibaki chini kuliko vilivyokuwa kabla ya mradi. Maafa yaliyohofiwa na wenye tahadhari hayakutokea.

Maelezo yaliyoonekana kuwa na uzito zaidi hayakuhusu dieldrin. Katika miaka hiyo klorokwini ilikuwa imeanza kupatikana kwenye zahanati na madukani, na mtoto mwenye homa aliweza kupewa vidonge kabla hali haijawa mbaya. Hali ya maisha nayo ilikuwa imebadilika. Yaani mtoto wa Gonja wa mwaka 1965 aliweza kuumwa na mbu yuleyule aliyemuuma kaka yake mwaka 1953, lakini akapona, kwa sababu duka la kijijini lilikuwa na kitu ambacho zamani halikuwa nacho.

Hapo ndipo penye thamani kubwa ya Pare-Taveta. Kama hesabu zingekoma mwaka 1959, tungeambiwa kwamba dawa ya ukutani ndiyo iliyookoa watoto, basi. Ile miaka saba ya ziada, isiyokuwa na pampu wala sherehe, ndiyo iliyoonyesha kwamba afya ya watu hutoka njia nyingi, na kwamba nyingine hazipiti hospitalini kabisa. Mwaka 1991 Profesa David Bradley wa London alizirejea takwimu hizo katika sura nzima ya kitabu kuhusu magonjwa na vifo Afrika, na wasomi wa malaria wanaendelea kuzirejea.

Historia ya kumbukumbu haipaswi kupaka rangi yote nyeupe. Dieldrin ni sumu inayodumu muda mrefu katika mazingira, na leo imo katika orodha ya kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Jaribio la namna ile lingelazimika leo kupita kwenye kamati ya maadili na kupata ridhaa ya kila kaya kabla pampu haijajazwa.

Kutoka Jumuiya hadi taifa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi zake ziligawanywa. Mwaka 1979 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuanzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na Amani ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mkurugenzi mkuu wa kwanza alikuwa Profesa Wen Kilama, mtaalamu wa malaria. Baadaye shughuli nyingi zilishuka tena Muheza, mahali kitengo kilipozaliwa, karibu na hospitali na wagonjwa.

Muheza hiyohiyo ilikuwa uwanja wa majaribio ya vyandarua vyenye dawa, ambayo Chris Curtis na wenzake wa Tanzania waliyafanya tangu miaka ya 1980. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo, uliowawezesha wajawazito kupata chandarua kwa bei nafuu. Klorokwini iliyookoa watoto wa Gonja ilikuwa imeshindwa kazi na kuachwa mwaka 2001, na miaka michache baadaye dawa ya mseto ikawa tiba ya kwanza. Kila hatua kati ya hizo ilitegemea watu waliokuwa wakihesabu kabla na baada.

Darasani

Wakati huohuo somo lenyewe la afya lilikuwa linajengewa nyumba yake. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, chuo kishiriki cha Muhimbili mwaka 1991, na hatimaye chuo kikuu kinachojitegemea, MUHAS, mwaka 2007. Upande wa kaskazini, Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971, na chuo chake cha tiba kikaanzishwa mwaka 1997. Kati ya hayo yote, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaketisha watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakijadili malaria, vyoo na maji, kisha wakatoka na majembe kwenda kuchimba. Lilikuwa darasa kubwa la afya ya jamii kuliko lolote ambalo nchi imewahi kuwa nalo, na halikudai cheti.

Wapare waliendelea kulifundisha somo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Moshi, NIMR na London walipima damu katika vijiji vya Pare Kusini, Pare Kaskazini, Rombo na Usambara, kuanzia tambarare hadi milimani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 walionyesha kwamba kingamwili zilizomo ndani ya damu huhifadhi historia ya malaria ya mahali kwa miaka mingi nyuma. Kijiji cha juu na kijiji cha chini, mwendo wa saa chache kwa mguu, vilikuwa na historia mbili tofauti.

Mwanafunzi wa afya ya jamii anayetumwa leo wilayani Same kwa mafunzo ya vitendo anakuta maswali yaleyale kwa sura mpya: mashamba ya mpunga ya Ndungu, maji ya bomba kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walioanza kuajiriwa upya kwa mpango wa taifa wa 2024. Kila mradi huja na bajeti ya miaka mitatu au mitano, ripoti ya mwisho, na picha ya pamoja. Karibu hakuna unaokuja na bajeti ya kuhesabu baada ya kuondoka.

Kwa hiyo njia bora ya kuiadhimisha miaka 70 ya Pare-Taveta ni ya kiutawala kabisa: halmashauri na vyuo vya Moshi na Muhimbili wakubaliane kwamba vijiji vilevile vya Gonja na Kihurio viandikwe vizazi, vifo na homa zao mfululizo, mwaka hadi mwaka, mradi uwepo au usiwepo, na wanafunzi wafunzwe kazi kwenye madaftari hayo. Ripoti ya mradi ule, iliyochapishwa mwaka 1960, iwe ya kwanza kwenye rafu. Ya pili waiandike wenyewe wenyeji wa Same.