Chuo Kilichomfuata Mwanafunzi

Mwaka 1992 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria, na mwaka 1994 wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo chini ya Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Geoffrey Mmari. Kabla ya hapo, mwalimu wa Kigoma aliyetaka shahada alilazimika kuiacha kazi na familia, aende Dar es Salaam au Morogoro. Wangapi waliweza?

Sasa chuo kilimfuata. Vitabu vya masomo vilipelekwa kwenye vituo vya mikoani. Akavisoma usiku, madaftari ya wanafunzi wake yakiwa yameshasahihishwa, kisha akaenda kituoni kufanya mitihani. Intaneti ilikuja baadaye.

Kusoma peke yako kunachosha, na wengi huchelewa kuhitimu. Lakini shahada waliyoipata bila kuacha kazi ni halali yao.